Neno 'Simu' na Historia ya Waya wa Baharini

Utangulizi

Mtu anaposema leo, "Nipigie simu", hawazi waya, kwani chombo alichokishika mkononi hakina waya. Hata hivyo, neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako sim humaanisha fedha (madini) na pia waya. Makala haya yanafuatilia historia ya waya wa mawasiliano uliotandazwa kwenye sakafu ya bahari, na yanaonyesha kwamba maana hiyo ya awali haijapitwa na wakati.

Majaribio ya Mwanzo

Mwaka 1850 waya ulitandazwa baharini baina ya Uingereza na Ufaransa, ukakatika upesi. Wa mwaka 1851 ndio uliodumu. Ili umeme usipotelee majini, shaba ilifunikwa kwa utomvu mgumu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1858 waya uliunganisha Ireland na Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan wa Marekani, zenye maneno 98, zilichukua takriban saa 16 kupokelewa. Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme, alizidisha nguvu zake, na baada ya wiki chache waya ukanyamaza. Mawasiliano ya kudumu yalipatikana mwaka 1866, meli kubwa ya Great Eastern ilipofanikiwa kutandaza waya mwingine.

Waya Wafika Zanzibar na Mombasa

Mwaka 1879 waya ulitandazwa kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Januari mwaka huo Waingereza walikuwa wameshindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari hizo zilichukua wiki kadhaa kufika London. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar mwaka 1890.

Ni dhahiri basi kwamba waya haukuletwa ili wakazi wa pwani wajuliane hali. Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipotwaa usultani wa Zanzibar, mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, alipeleka simu London kuomba idhini ya kushambulia, akajibiwa kwa njia iyo hiyo. Tarehe 27 kasri lilipigwa mizinga, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Simu hapa si chombo cha kuzungumzia, bali ni ujumbe wa maandishi uliopitishwa katika waya.

Kutoka Shaba hadi Kioo

Mwaka 2009 waya wa TEAMS, ambao serikali ya Kenya ni mmoja wa wenye hisa, ulitoka Fujairah hadi Mombasa. SEACOM ulianza kazi mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. Shaba imepisha nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Watanzania huuita mkongo; Wakenya wengi husema kebo. Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa, na mawasiliano yakazorota, hata ya wenye simu zisizo na waya.

Hitimisho

Neno simu limepanuka kimaana: kutoka waya, likawa ujumbe, kisha chombo. Wasemaji hawakulitupa kila teknolojia ilipobadilika. Hili ni funzo kwa waundaji wa istilahi wanaopima mkongo na kebo: istilahi hudumu kwa kukubaliwa na watumiaji. Aidha, anayepiga simu kwenda ng'ambo leo bado hutegemea sim, yaani waya, uliolala baharini.