Kuacha ujumbe wa sauti bila kupiga simu: mwongozo kwa wakazi wa Kasese na Bwera

Simu isiyopokelewa kati ya Kasese na Bwera ina sababu nyingi. Mnunuzi wa kahawa yuko Kyarumba, ambako mtandao huja na kupotea kila ukizunguka kilima. Dereva wa lori yuko foleni ya forodha pale Mpondwe. Muuza vitenge amevuka Mto Lhubiriha kwenda Kasindi, na laini yake ya Uganda ameizima isije ikamlia salio. Muuguzi yuko zamu na simu ameifungia kabatini. Hakuna kati yao anayeweza kuzungumza nawe sasa, lakini wote wanaweza kukusikiliza baadaye.

Ujumbe mfupi wa maandishi ungetosha, ila wengi wetu tunasema Lhukonzo vizuri kuliko tunavyoiandika. Ng'ambo ya mto wanasema Kinande, na tunasikilizana nao bila shida, lakini tahajia zetu hazifanani. Sauti inaondoa kikwazo hicho. Mzee ambaye hakusoma anaeleza jambo lake mwenyewe, bila kumwomba mjukuu amwandikie.

Njia za kuacha sauti ni kadhaa. Kabla ya kuchagua, jiulize swali moja: mpokeaji ana simu gani? Simu yako hata iwe ya bei kali, haikusaidii kama mwenzako ana katochi ya vitufe.

Mpokeaji akiwa na simu janja

Hapa njia ya kwanza ni WhatsApp, iliyoanza kupokea ujumbe wa sauti mwaka 2013. Telegram nayo inafanya kazi hiyo hiyo. Messenger usiitegemee, kwa sababu Facebook ilifungiwa Uganda Januari 2021. Fanya hivi:

1. Fungua ukurasa wa mazungumzo na mtu wako. Usibonyeze alama ya simu.
2. Bonyeza alama ya kipaza sauti iliyo chini upande wa kulia, uishikilie huku ukisema.
3. Kama maneno ni mengi, sukuma kidole juu hadi kwenye alama ya kufuli. Hapo unaweza kuachilia kidole na kurekodi kutaendelea.
4. Ukitaka kupumua au kuuliza bei kwa aliye karibu, bonyeza alama ya kusimamisha, kisha uendelee.
5. Jisikilize kabla ya kutuma. Ukiona umekosea, bonyeza alama ya pipa la taka uanze upya.
6. Tuma.

Baada ya hapo soma alama. Saa ndogo maana yake ujumbe bado uko kwenye simu yako. Tiki moja, umeondoka kwako. Tiki mbili, umefika kwake. Kipaza sauti kikigeuka buluu, ameusikiliza. Hata aliyezima tiki za buluu kwenye mipangilio yake, alama hiyo ya kusikiliza sauti bado utaiona.

Aliye mlimani mahali pasipo na mtandao asisubiri kushuka ndipo arekodi. Arekodi papo hapo akiwa bado anakumbuka kila kitu, aache data ikiwa imewashwa, na ujumbe utajituma atakapofika penye mnara. Mpokeaji naye akiwa nje ya mtandao, WhatsApp humhifadhia ujumbe hadi siku 30, kisha huufuta.

Kuhusu gharama, dakika moja ya sauti kwa kawaida haifiki nusu megabaiti, kwa hiyo bando dogo linabeba jumbe nyingi. Ule ushuru wa shilingi 200 kwa siku wa kutumia mitandao ya kijamii, ulioanza Julai 2018, uliondolewa Julai 2021. Badala yake uliwekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, na huo tayari umo ndani ya bei ya bando.

Mpokeaji akiwa na katochi

Simu ya vitufe isiyo na intaneti haipokei voisi ya WhatsApp. Bado kuna njia tatu.

Ya kwanza ni mtu wa kati: mwenye duka jirani, mwalimu, au kijana wa nyumbani mwenye simu janja. Tuma sauti kwake ukianza kwa kusema ujumbe ni wa nani: "Naomba mumsikilizishe mama, akiwa peke yake." Kisha mbipu mama kwenye katochi yake ili ajue kuna neno linamsubiri. Mkubaliane mapema kwamba mlio mmoja maana yake ni hivyo. Mambo ya pesa, ugonjwa na ugomvi wa ardhi usiyapitishe njia hii, kwa sababu sauti ikichezwa dukani inasikiwa na kila anayenunua sukari.

Ya pili ni kadi ya memori. Katochi nyingi zina nafasi ya kadi na zinacheza sauti za MP3. Rekodi kwa programu ya kinasa sauti, hamishia kwenye kadi au tuma kwa Bluetooth, na mtu anayepanda teksi kwenda Bwera aibebe. Sauti za WhatsApp zenyewe huhifadhiwa kwa muundo ambao katochi nyingi hazifungui, kwa hiyo zibadilishe kwanza ziwe MP3. Vijana wanaouza nyimbo kwa kadi kwenye vituo vya biashara wanajua kazi hiyo.

Ya tatu ni redio, nayo tutaifikia hapa chini.

Sanduku la sauti la kampuni ya simu

Hili ni lile linalopokea simu mwenyewe asipoipokea, likakuomba useme baada ya mlio. Linahitaji mambo mawili: mpokeaji awe amewashiwa huduma kwenye laini yake, na awe na mazoea ya kuangalia. Hapa kwetu wenye mazoea hayo ni wachache, na mpigaji hukatwa salio kwa sababu sanduku likijibu, simu huhesabiwa imepokelewa. Kama hutaki kukatwa, kata kabla sanduku halijajibu.

Ndugu walioko Marekani na Uingereza ni habari nyingine, kwani huko sanduku la sauti ni jambo la kila siku. Marekani kuna hata huduma kama Slydial, inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye sanduku la mwenzake bila simu kulia. Kwa aliye Kasese anayetaka kumwachia neno shangazi aliye huko, WhatsApp bado ni rahisi zaidi, na haitamwamsha usiku kama amezima mlio wa taarifa.

Ukitaka kuwafikia wengi

Kwa kikundi cha kuweka na kukopa, chama cha wakulima wa kahawa au wazazi wa shule, kuna kundi la WhatsApp na kuna orodha ya matangazo. Kwenye kundi kila mtu anasikia na kila mtu anajibu. Kwenye orodha ya matangazo kila mmoja anapokea kana kwamba umemtumia peke yake, na majibu yanakuja kwako tu. Kumbuka sharti lake: asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake hatapata kitu.

Kwa wasio na simu janja, redio bado inatawala. Matangazo ya vifo, mikutano na mifugo iliyopotea hupita kwenye redio za mji wa Kasese na kusikika milimani. Unaandika tangazo, unalipia, mtangazaji anasoma. Uliza kituo kama kinapokea tangazo kwa sauti uliyorekodi mwenyewe, na kwa lugha ipi. Kwenye baadhi ya vituo vya biashara kuna pia vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, na vinafaa kwa jambo la kijiji kimoja.

Namna ya kusema ili usipigiwe tena

Ujumbe mzuri wa sauti ni ule ambao msikilizaji anaweza kuufanyia kazi bila kukuuliza. Wengi hapa huanguka kwenye jina. "Ni mimi Baluku" haimsaidii mtu wa Kasese, ambako wavulana wengi wa kwanza huitwa Baluku, wa pili Bwambale na wa tatu Masereka. Kwa wasichana, Masika na Biira wamejaa kila kijiji. Ongeza mahali na kazi.

Fuata mpangilio huu: wewe ni nani, jambo ni lipi, idadi, siku na saa, unataka afanye nini, na mwisho wa kujibu ni lini. Huu hapa mfano wa mfanyabiashara wa chumvi ya Katwe akimwachia ujumbe mteja wake wa Kasindi:

"Habari ya jioni, mama. Ni Bwambale wa Katwe, yule wa chumvi. Mzigo wako unafika Mpondwe kesho Ijumaa, saa nne asubuhi ya Uganda. Kwenu itakuwa saa tatu. Ni magunia kumi na mawili. Narudia, kumi na mawili. Nijibu leo usiku kama utakuja mwenyewe au utamtuma mtu. Ukimtuma, nitajie jina lake."

Ujumbe huo haumalizi nusu dakika. Namba za simu, bei na majina ya watu yaandike pia kwa maandishi chini ya sauti, maana hakuna anayependa kusikiliza mara nne ili anakili tarakimu kumi. Geuza mgongo kwa upepo na kwa boda boda, na shikilia simu kiasi cha kiganja kimoja kutoka mdomoni. Ukiwa na mambo matatu, tuma sauti tatu fupi ili mwenzako ajibu kila moja kivyake.

Mpakani: nyakati mbili na mitandao miwili

Uganda iko mbele ya Kongo ya mashariki kwa saa moja. Saa nne Bwera ni saa tatu Kasindi, Beni na Butembo. Simu iliyokamata mnara wa ng'ambo inaweza hata kujirudisha nyuma saa nzima bila kukuuliza. Kwa hiyo usiseme "saa nne" bila kusema ni ya upande upi.

Minara yenyewe nayo haijui mpaka uko wapi. Ukiwa Bwera au Mpondwe, laini yako ya Uganda inaweza kuhamia mtandao wa Kongo, na data ya huko kwa laini ya huku ni ghali. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima data ya nje ya nchi, kisha chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie. Wenye biashara pande zote mbili hubeba laini mbili, ya +256 na ya +243. Waulize WhatsApp yao imesajiliwa kwa ipi, kwa sababu ukituma kwa ile nyingine hutawapata.

Sauti inaweza kudanganya

Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuingia wilaya ya Kasese, wagonjwa walilazwa Bwera. Nyakati kama hizo, sauti ya mtu asiyejulikana anayejiita daktari huenea haraka, kwa sababu sauti inaaminika kuliko maandishi. Ukiona alama kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, usiusambaze zaidi. Mambo ya afya yaulizie kwa namba ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066.

Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu. Voisi ya "mtoto amepata ajali shuleni, tuma pesa haraka" haitoshi kukufanya utume hata shilingi. Piga namba ya mzazi au ya shule unayoijua wewe mwenyewe, siyo namba iliyoletwa na ujumbe huo.

Na wewe unayerekodi, rekodi sauti yako. Marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2022 yaliingiza kosa la kurekodi mtu mwingine bila idhini. Ukituma kwa makosa, bonyeza ujumbe kwa muda, chagua kufuta kwa wote. Una siku mbili na kidogo za kufanya hivyo, ila alichokwisha kusikia hakifutiki.

Pa kutoacha ujumbe: piga

Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 na kubomoa madaraja na makazi, waliokuwa bondeni walihitaji kuambiwa wahame papo hapo. Moto, mafuriko, mgonjwa mahututi, mwizi mlangoni: hayo ni ya kupiga simu, 999 au 112, au kumtuma mtu akimbie. Ujumbe wa sauti unaweza kukaa saa tano bila kusikilizwa.

Intaneti yenyewe nayo huzimika. Januari 2021, siku za uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na WhatsApp pekee alibaki bila njia. Basi leo chukua watu watano unaowahitaji zaidi, uwaulize mambo matatu: wana simu gani, wanatumia laini ipi kwa WhatsApp, na wakikosekana ni nani aliye karibu nao wa kupokea kwa niaba yao. Majibu yaandike kwenye karatasi, uyaweke nyumbani mahali ambapo hata watoto wanaweza kuyaona.