Jeti ski haiwaki baada ya kusi

*Jeti ski yangu ya kukodisha watalii Diani imelala bandani tangu kusi ilipoanza. Kaskazi inakaribia, nayo haiwaki. Je, injini imekufa? — Msomaji, Ukunda*

Usihofu, ndugu yangu. Mara nyingi tatizo ni betri iliyoisha chaji, au petroli iliyoharibika kwa kukaa. Kagua oili kwanza: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, usiwashe, mwite fundi. Ikiwa safi, chaji betri, badilisha petroli, safisha plagi. Pia, unapoisuuza jeti ski kwa maji yasiyo na chumvi, washa injini kabla ya kufungua bomba. Ukimaliza, funga bomba ndipo uzime, la sivyo maji huweza kuingia kwenye injini. Kabla ya kuishusha baharini, kaza vizibo vya nyuma na ujaribu kamba ya kuzimia injini.