Gari Linapokaa Kimya: Ichunguze Swichi ya Klachi Kabla ya Kununua Starta

Miongoni mwa gharama ambazo mwenye gari la gia za mkono anaweza kuziepuka ni ile ya kubadilisha starta isiyo na kasoro. Ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinawaka vizuri, lakini injini haitoi hata mlio. Hukumu hutolewa upesi kwamba starta imekufa. Katika somo hili tunaeleza kwa nini hukumu hiyo yaweza kuwa si sahihi, na jinsi ya kuifuata njia ya umeme hatua kwa hatua hadi penye hitilafu.

Kazi ya swichi ya klachi

Katika magari mengi ya gia za mkono, juu ya pedali ya klachi pana swichi ndogo. Umeme unaoiamuru starta hutoka kwenye swichi ya ufunguo, hupitia swichi hiyo, kisha huifikia relei na starta yenyewe. Pedali isipokanyagwa hadi mwisho, njia hukatika. Shabaha yake ni usalama: gari lililoachwa ndani ya gia lisiruke linapowashwa na kumgonga aliyesimama karibu. Swichi ikiharibika, gari hukaa kimya kana kwamba starta ndiyo mbovu.

Kutofautisha dalili

• Taa zikififia ufunguo unapozungushwa, au pakisikika milio midogo ya haraka haraka, anza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza.

• Pakisikika mlio mmoja mzito na injini isizunguke, ishuku starta au nyaya zake nene.

• Taa zikiendelea kung'aa na pasisikike chochote, ishuku njia inayoiamuru starta, swichi ya klachi ikiwamo.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia huru na uzuie magurudumu kwa mawe au kabari. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari.

1. Tazama. Ondoa zulia la sakafuni, kwani likikunjamana huizuia pedali kufika mwisho. Mulika kwa tochi huku pedali ikikanyagwa, uone kama kitufe cha swichi kinabonyezwa. Katika baadhi ya magari kitufe hubonyezwa na kipande kidogo cha plastiki au mpira kilichopachikwa kwenye mkono wa pedali. Kipande hicho kikizeeka hupasuka, na mabaki yake huonekana sakafuni. Hapo swichi ni nzima. Kinachohitaji kubadilishwa ni kipande hicho, ambacho bei yake ni ndogo mno kuliko ya starta.

2. Kagua fyuzi na relei ya starta. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile, kamwe si kubwa zaidi.

3. Pima swichi. Ondoa ufunguo, chomoa kiunganishi cha swichi na uweke mita kwenye omu. Pedali ikikanyagwa, swichi nzima ya nyaya mbili husoma karibu na sifuri. Ikiachiliwa, mita huonyesha kuwa njia imekatika. Zipo swichi za nyaya zaidi, na nyingine hupeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari badala ya kupitisha umeme wa starta. Kwa hizo, fundi autumie mchoro wa nyaya wa modeli husika.

4. Pima umeme ukiwa kazini. Rudisha kiunganishi. Msaidizi azungushe ufunguo akiwa amekanyaga klachi, nawe upime volti kwenye waya unaoingia na ule unaotoka. Usipopata umeme kwenye waya unaoingia, hitilafu iko kwenye ufunguo, fyuzi au waya wa kabla ya swichi. Umeme ukiingia bila kutoka, swichi ni mbovu. Ukiingia na kutoka sawasawa, tafuta mbele: kwenye relei, nyaya au starta. Volti zinazotoka zikiwa pungufu sana kuliko zinazoingia, ndimi za swichi zimeungua, hata kama kipimo cha omu kilikuwa kizuri.

Tahadhari kuhusu njia ya mkato

Baadhi ya mafundi huunganisha nyaya mbili za swichi moja kwa moja, gari likawaka, kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Kufanya hivyo kwa muda mfupi, gia ikiwa huru, ni njia ya kupima. Kuyaacha maunganisho hayo ni kuiondoa kinga. Hatari hiyo humfuata kila atakayeliwasha gari, pamoja na atakayelinunua baadaye bila kujua.

Kwa hiyo, unaponunua gari lililotumika, weka gia huru na breki ya mkono, kisha zungusha ufunguo bila kukanyaga klachi. Starta ikizunguka, muulize muuzaji iwapo gari liliundwa bila swichi hiyo au nyaya ziliunganishwa.

Haki yako kwenye gereji

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, kupewa taarifa anazohitaji, na kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Kwa msingi huo, kabla ya kukubali kipuri kipya, tunakushauri umwombe fundi:

• akuonyeshe vipimo vilivyomfikisha kwenye uamuzi wake;
• akuandikie bei ya kipuri na ya ufundi kabla ya kuanza kazi;
• akurudishie kipuri kilichotolewa;
• akupe risiti inayotaja hitilafu iliyopatikana na kazi iliyofanywa.

Maswali ya kujipima

1. Ni dalili ipi hutofautisha betri dhaifu na swichi mbovu ya klachi?
2. Umeme ukiingia na kutoka sawasawa kwenye swichi, uchunguzi uelekee wapi?
3. Kwa nini kuunganisha nyaya za swichi moja kwa moja hakuhesabiwi kuwa matengenezo?