Mnyororo wa Baisikeli Unaokwaruza Fremu

Mkulima, ukisikia mnyororo ukikwaruza fremu nawe umepakia mikebe ya maziwa, usidhani ni kelele tu. Chuma hula chuma, na paipu iliyoliwa huweza kuvunjika njiani.

Mara nyingi sababu ni nati za gurudumu la nyuma kulegea. Ukipanda kilima, mnyororo huvuta mbele upande wa kulia wa gurudumu. Basi mnyororo hulegea, na tairi hugusa paipu ya kushoto. Pindua baisikeli. Legeza nati zote mbili, vuta gurudumu nyuma mpaka tairi likae katikati ya paipu mbili, kisha kaza kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa zamu. Zungusha pedali polepole: pale mnyororo unapokaza zaidi, uweze kuinuka na kushuka kama nusu inchi. Wengine huukaza kama waya wa ua, nao hukatika upesi.

Pima pia kwa rula. Mnyororo mzima, ukianza katikati ya pini, inchi 12 huishia katikati ya pini nyingine. Pini hiyo ikipita kwa inchi 1/8, nunua mnyororo mpya.

Gurudumu limesogea, kwa hiyo jaribu breki ya nyuma kabla ya kupakia maziwa.