Betri Iliyolazwa na Njaa: Baiskeli ya Umeme Wakati wa Theluji

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kukuta habari za theluji katika jarida letu, ilhali baridi tuijuayo sisi ni ile ya Julai inayotufanya tugombanie blanketi bwenini. Vumilia kidogo. Jambo hili lilianzia mezani kwetu Krismasi iliyopita, na nusura liwakosanishe ndugu wawili: baba yangu na shangazi yangu aishiye Hamburg, Ujerumani.

Shangazi huenda kazini kwa baiskeli ya umeme. Ni baiskeli ya kukanyaga kama hizi zetu, ila ina mota ndogo ya kumsaidia mwendeshaji, na betri iliyofungwa kwenye fremu. Novemba ya mwaka uliotangulia, baridi ilipozidi, aliisukuma hadi kibandani nyuma ya nyumba, betri ikiwa imebakisha taa moja tu kati ya tano, naye akaanza kupanda basi. Machi alipoirudia, kimya! Akachomeka chaja, wapi. Fundi aliipima, akakataa katakata kujaribu kuifufua. Betri mpya ilimgharimu mamia ya yuro.

"Si ungeijaza pomoni kabla ya kuilaza, dada!" baba alimwambia. "Betri hailazwi na njaa."

"Hii ukiilaza imeshiba pia unaiumiza, kaka."

Baba alicheka sana. Ati betri ya kulishwa nusu tumbo! Yeye alikua katika nyumba ambayo televisheni iliendeshwa kwa betri ya gari, ikipelekwa sokoni kuchajiwa kila ilipoisha, na masharti yake aliyajua kwa moyo. Mimi nami, niseme kweli, nilikuwa upande wa baba. Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa kemia. Kumbe wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alisema juu ya betri yake!

Betri ya gari ni ya risasi. (Wanachama, risasi hii si ya bunduki, ni madini yenyewe.) Aina hiyo ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Ndani mna bamba za risasi zilizolowa katika asidi ya salfuriki. Betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo huondoka. Ukiiacha tupu kwa miezi, hugeuka fuwele ngumu zisizotaka kuondoka tena. Isitoshe, asidi ya betri tupu imekaribia kuwa maji matupu, na katika baridi ya Ulaya yaweza kuganda na kupasua kasha. Basi hapo baba ameshinda: betri ya risasi ilazwe imejaa.

Ya shangazi ni ya lithiamu, ndugu ya ile iliyo ndani ya simu. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka wa 1991, na waliozianzisha, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka wa 2019. Ioni za lithiamu humo ni kama abiria wa matatu baina ya stendi mbili. Ukichaji, husafiri kwenda kwenye grafaiti. Ukiendesha baiskeli, hurudi. Betri ikijaa kabisa, msukumo wa umeme huwa mkubwa, na kemikali za ndani huliwa polepole hata kama hakuna anayeitumia. Joto huharakisha mambo hayo. Ndiyo maana kuiacha imejaa miezi mitatu, tena kando ya hita, ni kuizeesha bure.

Tupu nako kuna balaa lake. Betri huvuja umeme kidogo kidogo, na kile kidude cha ndani kinacholinda seli nacho hunywa chake. Iliyokuwa na taa moja Novemba haifiki Machi. Seli ikishuka sana, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka. Ukija kuichaji, shaba hiyo hujiganda pasipo mahali pake na yaweza kuunganisha chanya na hasi. Hapo ni moto! Yule fundi hakuwa mvivu.

Kwa hiyo betri ya lithiamu hulazwa ikiwa na asilimia 30 hadi 60. Hesabu yake si ngumu. Chukua betri yenye seli 10 zilizopangwa mfululizo. Kila seli ikijaa ina volti 4.2, hivyo zote ni 42. Katikati utapima 36 au 37. Ikiwa ujazo wake ni amperi-saa 10, imekaribia kuisha, na chaja yatoa amperi 2, basi saa mbili na nusu zatosha kuifikisha nusu. Chomoa! Kisha itazame kila mwezi au miwili, uiongeze ikishuka. Kuijaza kabisa kungoje siku ya kuamkia safari.

Na baridi yenyewe je? Kukaa mahali pa baridi si kubaya kama kukaa kwenye joto. Kosa kubwa ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Ioni huwa nzito kuingia kwenye grafaiti, zikatanda juu yake kama lithiamu ya chuma, na nyingine hazirudi kazini tena. Betri ikitoka nje iachwe chumbani saa kadhaa ipate joto na ule unyevu unaoishika ukauke, ndipo ichomekwe chaja yake yenyewe, si ya kuazima. Pia isichajiwe mlangoni wala kwenye njia ya kutokea. Mwaka wa 2023 watu 18 walikufa jijini New York kwa mioto ya betri za lithiamu.

Sisi tusio na theluji tuna mabati. Simu au taa ya sola iliyojazwa pomoni na kuachwa chini ya paa la bati likizo nzima yapata hasara ile ile ya kando ya hita.

Shangazi alipokuja kwetu, ile mpya aliiacha chumbani, pakavu, ikiwa na taa tatu. Februari alituandikia kwamba aliikuta na tatu zile zile, na ameweka alama kwenye kalenda ya jikoni asisahau kuitazama. Baba aliisoma barua, akaikunja, akaniuliza, "Na kwa nini bado hajaijaza?"