SOMO LA UMEME: VOLTI, AMPEA NA MUDA WA KUJAZA BETRI

Watu wengi wakaao mbali na nyaya za umeme hutumia betri ya motokaa kuwashia taa, redio na televisheni nyumbani. Nguvu zikiisha, betri hupakiwa juu ya baiskeli au pikipiki, ikapelekwa sokoni kuchajiwa, kisha ikarudishwa. Kazi hii yaonekana kuwa nyepesi, lakini betri nyingi hufa kabla ya wakati wake kwa sababu mwenyewe hakufahamu mambo matatu: volti, ampea na muda. Betri ni mali ya bei kubwa, na fedha za kununua nyingine zingeweza kulipa karo ya mtoto. Kwa hiyo yafaa kila mwenye betri ajifunze mambo haya.

Volti na ampea ni nini?

Fikiri tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Kadiri tangi linavyoinuliwa, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu zaidi ndani ya bomba. Msukumo huo ni mfano wa volti. Wingi wa maji yapitayo katika bomba kwa dakika moja ni mfano wa ampea. Na ukubwa wa pipa lipokealo maji ni mfano wa ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri yaweza kuweka.

Volti imepewa jina la Alessandro Volta wa Italia, aliyetangaza betri yake mwaka 1800. Ampea imepewa jina la André-Marie Ampère wa Ufaransa. Betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo ya motokaa, ilibuniwa na Mfaransa mwingine, Gaston Planté, mwaka 1859.

Maji hayapandi mlima yenyewe. Vivyo hivyo umeme hauingii katika betri ila volti za chaja zikizidi kidogo volti za betri. Betri ya motokaa ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ikiwa imejaa na imepumzika saa chache, kipimo huonyesha volti 12.6 hivi. Kikionyesha 12.2, imebaki kama nusu. Kikishuka chini ya 12, karibu imekwisha. Chaja yake hutoa volti 14.4 hivi. Umeme wa nyumbani wa Kenya ni volti 240, nao huenda na kurudi. Kazi ya chaja ni kuupunguza na kuufanya uende upande mmoja tu. Mwenye paneli ya jua naye asiiunge na betri bila kidhibiti, maana paneli iitwayo ya volti 12 yaweza kutoa hata volti 18 jua likiwa kali.

Hesabu ya muda

Tuseme betri yako ina ampea-saa 60. Kila jioni wawasha taa ya wati 6 na televisheni ya wati 24 kwa muda wa saa 4. Gawanya wati kwa volti 12: taa yala nusu ampea, televisheni ampea 2. Jumla ni ampea 2 na nusu. Zidisha kwa saa 4, utapata ampea-saa 10 kila jioni. Baada ya jioni 3 umetumia ampea-saa 30, yaani nusu ya betri. Siku hiyo ndiyo siku ya kuipeleka sokoni. Usingoje mpaka taa izimike, kwa maana betri ya motokaa haikutengenezwa kwa kumalizwa kabisa.

Chaja nayo iwe ya kiasi gani? Kanuni njema ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Kwa betri ya ampea-saa 60, chaja ya ampea 6 yatosha. Gawanya 30 kwa 6, utapata saa 5. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya nguvu zinazopotea, zitakuwa saa 6. Tena betri inapokaribia kujaa hupokea umeme polepole, basi usishangae zikipita saa 7 au 8. Ukiambiwa betri hiyo imejaa baada ya saa 2 tu, ama haikujaa, ama imeunguzwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatari ya haraka

Ampea zikizidi, betri huwa moto, asidi huchemka, na mabamba ya risasi hubanduka na kuanguka chini. Zaidi ya hayo hutoka hewa ya haidrojeni, ambayo cheche moja yaweza kuilipua. Basi chaji betri mahali penye hewa nyingi, mbali na sigara na jiko. Unga kwanza waya mwekundu kwenye alama ya +, kisha waya mweusi kwenye alama ya –, ndipo uwashe chaja. Ukimaliza, zima chaja kwanza kabla ya kuondoa nyaya. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi safi bila kukawia, kisha nenda hospitali.

Betri yenye vifuniko huhitaji maji ya betri yauzwayo madukani. Usitie maji ya mto wala ya kisima, maana yana chumvi. Tena usiiache betri siku nyingi bila umeme: mabamba yake huota utando mgumu, na baadaye haitajaa tena hata ukiichaji usiku kucha.

Na simu je?

Chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5. Volti hapana budi zilingane na simu, lakini ampea za chaja zikizidi si neno, kwa kuwa simu yenyewe huchukua kiasi inachohitaji. Ampea zikiwa chache, simu hukawia kujaa. Betri ndogo za tochi zisizoandikwa kwamba zaweza kuchajiwa, usizichaji kamwe. Zaweza kuvuja au kupasuka.

Zoezi

Betri ya ampea-saa 100 imetumiwa ampea-saa 40. Chaja ni ya ampea 10. Itachukua muda gani? Gawanya 40 kwa 10, utapata saa 4. Ongeza sehemu moja ya tano, zitakuwa karibu saa 5, na kidogo zaidi mwishoni. Mwenye kujua hesabu hii akifika sokoni ataweza kumwuliza fundi, kwa heshima, ampea za chaja yake na muda atakaouchukua, naye atajua kama jibu ni la kweli.