SOMO LA MWEZI: KIKOHOZI CHA HIJA



Kila tarehe 3 Juni wengi wetu huenda Namugongo, Uganda, kuwakumbuka Mashahidi waliochomwa moto mwaka 1886, Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Twarudi na furaha, na mara nyingi na kikohozi pia. Tujifunze juu ya kikohozi hicho.

1. Chatoka wapi?
Si vumbi na uchovu tu. Huletwa na vijidudu, kama vile vya mafua, vinavyotoka katika matone madogo mtu akohoapo, apigapo chafya, hata aimbapo. Nasi husafiri katika basi lililofungwa madirisha, na usiku hulala wengi mahali pamoja. Jirani zetu Waislamu wanayajua haya. Mwaka 2023 mahujaji zaidi ya 1,800,000 walikusanyika Makka. Na kwa miaka mingi madaktari wameona kuwa kikohozi na mafua huwapata wengi sana huko, na nimonia huwalaza wengi hospitalini.

2. Hatari i wapi?
Kijana mwenye nguvu hupona kwa siku chache. Lakini nyumbani anangojwa na bibi mzee, mtoto mchanga, au ndugu mwenye pumu. Kwao kikohozi hicho chaweza kugeuka nimonia na kuua. Je, hiyo ndiyo zawadi ya hija?

3. Tufanye nini?
(a) Njiani tufungue madirisha, tunawe mikono kwa sabuni, tukohoe katika kitambaa, na kila mtu awe na kikombe chake.
(b) Tukirudi na homa au kikohozi, tukae nyumbani kwanza, tusiwabebe watoto. Tukiwa bado twakohoa, tusinywe katika kikombe cha Ushirika. Apokeaye mkate peke yake amepokea Ushirika kamili.
(c) Anayepumua kwa shida au kutoa damu aende hospitali siku ile ile. Kikohozi cha majuma mawili kipimwe kifua kikuu.

Mwaka 2020, wakati wa korona, umati haukuruhusiwa kwenda Namugongo, wala imani haikufa. Basi kukaa nyumbani Jumapili moja kwa ajili ya jirani si kupungukiwa imani. Ni kumpenda.

Maswali ya kujadili
1. Nyumbani kwako ni nani aliye dhaifu kuliko wote?
2. Safari ijayo, nani atasimamia madirisha ya basi letu?